Fukusi Tuliowatupa Chooni

Mtafiti wa kuvu aliyekuwa jirani yangu hapa Rusizi amefariki, na tangu tumzike nasikia kichefuchefu. Kifo chenyewe tulikitarajia, maana aliugua muda mrefu. Kinachonichefua ni sisi tuliobaki.

Mama huyo, aliyekulia Bukavu kama mimi, alishinda kwenye migomba ya Nzahaha akiokota fukusi waliokufa, wale ambao ukungu mweupe umewatoka kwenye viungo kama unga uliolowa. Mara moja aliniwekea mmoja mezani, nikasukuma kikombe changu cha chai. Akacheka. “Papa, samaki za sambaza unazikula na macho yake, huyu ndiye anakuogopesha?” Kisha akanieleza kwamba ukungu ule ni kuvu, na ndiyo iliyomuua fukusi. Chini ya hadubini, mbegu za kuvu hiyo zilijipanga tofauti na za kuvu inayojulikana, na maabara iliposoma vinasaba vyake ikakuta ni aina nyingine kabisa. Ilikuwa bado haina jina. Ili ipewe jina, alisema, lazima awepo mdudu mwenyewe, amekaushwa na kutunzwa, ili yeyote mwenye shaka aje amtazame.

Siku ya msiba tulitoa vitu sebuleni kwake ili waombolezaji wapate pa kukaa, kama ilivyo desturi yetu. Binti wa jirani mwingine akafungua sanduku lililojaa bahasha ndogo. “Mzee, ona! Maman aliwekaka bidudu bya kuoza, tena na etiketi!”

“Tupa,” nikamwambia. “Batu banakuja, nyumba itanuka.”

Hawakunuka hata kidogo. Walikuwa wakavu kama majani ya chai. Wote wakaishia chooni, tukanawa mikono kwa sabuni, na jioni tukasimama mmoja mmoja kumsifu “mwanasayansi wetu”. Hotuba yangu ilikuwa ndefu kuliko zote.

Juzi mwenzake wa maabara akanipigia simu. “Vinasaba tuko navyo, Mzee, na picha pia. Sasa wale badudu wako wapi?” Nikamwambia. Akauliza shimo la choo lina kina gani.

Watatafuta wengine migombani. Labda watawapata, labda la. Kwa sasa kuvu aliyoihangaikia haina jina, na fukusi wanaendelea kutoboa migomba yetu. Wasomaji wangu, mkitoa vitu katika nyumba ya marehemu, kile kinachowatia kinyaa kiacheni mahali pake mpaka aje anayekijua. Mimi sikusubiri hata waombolezaji wafike.