Kinu changu simwazimi mtu, na sababu ni mwanangu

Wakuu wa ukurasa huu, salamu kutoka Ruvu. Kila gazeti likifika dukani nawasoma ninyi kwanza, habari za Serikali baadaye. Leo na mimi nimeshika kalamu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mwenye shaka apande treni aje, nitampikia chai.

Nina mtoto wa kiume, Shomari. Vyakula vinamkataa. Karanga, korosho na mayai.

Nasema vinamkataa kwa sababu ndivyo alivyosema dresa wa dispensari, na mimi sina jina jingine. Akionja tu, midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka, kisha pumzi inaanza kulia kama filimbi. Ukiisikia filimbi ile kifuani mwa mtoto wako, huisahau.

Na mimi kwetu ni Masaki ya Kisarawe, mikorosho mpaka mlangoni! Nimekuzwa kwa korosho, nikazaa mtoto asiyeweza hata moshi wake. Mungu ana mambo.

Dawa dresa hakunipa. Alisema, "Usimpe, basi."

Nikaacha kumpa. Watu wakasema yao. Jini. Mara nilikula vya mwiko nikiwa na mimba. Mara namdekeza. Niliwaacha waseme, mtoto wangu akawa anacheza na anakua.

Hadi siku ya kisamvu.

Kisamvu chenyewe cha nazi tupu, chumvi na kitunguu. Sikutia karanga hata moja. Shomari alikula matonge machache, akaanza kuvimba. Nilimbeba kifuani nikimpepea, baba yake, Sefu, akakimbilia kwa dresa, na tukiwa bado tunahangaika pumzi ikarudi yenyewe. Alhamdulillahi.

Nikakaa nikawaza. Nazi ni ileile. Chungu ni changu. Maji ni ya mtoni kama siku zote.

Kinu.

Sisi hapa, wakuu, mnajua tunavyoishi. Kinu kinazunguka. Leo kiko kwako, kesho kwa jirani, na hakuna anayeuliza kilitwanga nini, unakikung'uta na kukipitishia maji basi. Kile nilichotwangia kisamvu nilikiazima kwa Bi Tatu, jirani yetu, naye alikuwa ametoka kutwanga karanga. Mti unakunywa mafuta. Unakisuuza, mafuta yamo ndani yamelala.

Nikampelekea baba yangu salamu Masaki. Akachonga kinu cha mti wa mkongo, kikapakiwa kwenye treni pale Pugu, kikashuka Ruvu kama abiria. Nilikipokea stesheni kwa vigelegele, watu wakanishangaa.

Tangu siku hiyo sikumwazima mtu.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kumnyima mwenzio kinu kwetu ni sawa na kumnyima moto. Bi Tatu alikuja kukiomba, nikamwambia samahani mama yangu, hiki ni cha mtoto. Akaondoka akicheka. Kesho yake mtoni nikasikia anawaambia wenzake, "Kinu cha mke wa Sefu msikiguse. Kina udhu."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, maana ilichekesha kweli. Lakini kinu sikutoa.

Mama mkwe hakucheka. Aliniita ndani.

"Mama Shomari, unanitia aibu. Nimezeeka hapa, sijawahi kumnyima mtu kinu."

"Naelewa mama. Lakini koo ni la Shomari."

"Koo, koo. Mimi nimelea saba kwa karanga. Ukiendelea na uchoyo wako utarudi Masaki, na mjukuu wangu utaniachia nimlee kama nilivyomlea baba yake."

Sikulala vizuri siku hizo. Kurudishwa kwetu ningevumilia. Ila Shomari abaki na mtu anayeamini kwamba karanga kidogo zitamzoesha?

Ikaja arusi kitongojini. Nilitoka mtoni na ndoo, nikakuta kinu hakipo. Mama mkwe alikuwa amekitoa. Nilikikuta uani kwa Bi Tatu, kimejaa karanga, wanawake wanatwanga.

Sikugombana. Nilisubiri wamalize, nikakibeba kichwani mpaka nyumbani. Nikakisuuza kama tunavyosuuza siku zote, nikatwanga kisamvu, nikapika. Nikampakulia mama mkwe sahani, nikamkalisha Shomari mbele yake.

"Mama, umesema utamlea. Basi mlishe kwa mkono wako. Ukimlisha yeye, mimi nakwenda kufunga mzigo wangu."

Mkono wangu ulikuwa tayari kulipiga tonge lile chini, wakuu, nisiwadanganye.

Alifinyanga tonge. Shomari akafungua mdomo kama kifaranga, maana anampenda bibi yake. Mama mkwe akamtazama. Akatazama mlangoni, kile kinu kinachong'aa mafuta.

Tonge akalirudisha kwenye sahani.

Akaisogeza sahani mbali na mtoto. Kisha akasema, "Mpelekee baba yako salamu. Achonge kingine."

Hicho cha pili kinakaa chumbani kwa mama mkwe mwenyewe. Anayekitaka akaombe huko, na mpaka leo hakuna aliyefaulu. Cha kwanza tumewapa kitongoji.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiitwa mchoyo kwa ajili ya mtoto wako, itika. Mimi huitika kwa sauti nzuri kabisa. Na nina ndoto ya kufungua mkahawa hapa stesheni, kila chakula na chungu chake, mama wa mtoto kama wangu ale bila hofu. Mnaocheka nitawakaribisha pia.

Sasa nisaidieni. Shomari karibu ataanza chuo cha Kurani kwa maalimu, na watoto huenda na korosho mifukoni. Huko siwezi kumfuata. Kwa hiyo tunamfundisha kujisemea. Juzi Bi Tatu alimpa kashata ya karanga. Akaficha mikono nyuma, akasema, "Shikamoo Bi Tatu. Inanikataa."

Bi Tatu akaitikia marahaba, akaila mwenyewe.

Mwenye mtoto wa namna hii aandike hapa. Kwenye sinia la Maulidi, mikono yote humo, ninyi mnafanyaje?