Programu Iliyomeza Sauti ya Bibi Mwanaasha

Bi harusi aliingia studio kwangu Kihonda akanitupia flashi usoni.

Sitanii. Usoni kabisa.

"Kaka Thobi, umenifanyia nini? Harusi yangu umeigeuza msiba!"

Nilimjua. Faraja. Mimi ndiye niliyepiga video harusi yake na Rashidi kule Kinole, mlimani. Nikaichomeka flashi huku nikijisemea, huyu dada ana lake jambo.

Jamani.

Ngoma zinaonekana zinapigwa, hazisikiki. Kina mama wamepanua midomo, ndimi zinacheza, vigelegele hakuna. Sauti iliyobaki ni ya MC peke yake, imenyooka kama anasoma taarifa ya habari.

Kamera ikamfikia Bibi Mwanaasha, bibi mzaa mama wa bi harusi. Amekunja ndita, mdomo wazi, kidole kinanyooka mbele. Kimya.

"Unamwona?" Faraja akaanza kulia. "Bibi tumemzika wiki mbili baada ya harusi. Sasa Mjomba Sufiani kaiangalia hii video mbele ya ukoo, anasema mama yake alikuwa anamlaani Rashidi. Arobaini ni keshokutwa na hataki kumwona mume wangu pale. Kaka, bibi amekufa akiwa na kinyongo na mimi?"

Mjomba Sufiani aliipinga ndoa ile toka mwanzo, kisa Rashidi ni mtu wa kuja. Na kwa Waluguru mjomba akisema, baba mzazi anakaa pembeni.

Damu ikanichemka. Sikumkasirikia Faraja. Niliikasirikia programu.

Hii programu ya kuhariri video nimeitumia tangu naanza kazi, enzi za kompyuta za chogo. Niliinunua kihalali, CD ndani ya boksi, wenzangu wenye za wizi wakinicheka. Nilikuwa naiendesha nimefumba macho.

Kisha ikaanza kujifanya ina akili. Kila nikiamka kitufe kimehama. Mara inataka intaneti, mara inataka nijisajili upya, mara inanipongeza. Unanipongeza nini wewe? Nimekuomba?

Nikafungua mipangilio. Apdeti ya mwisho ilikuja na kitu kinaitwa Sauti Safi, ikakiwasha yenyewe bila kuniuliza. Kazi yake kuondoa kelele. Basi hao wajanja walioitengeneza, huko waliko, wakaamua ngoma ni kelele. Vigelegele kelele. Bibi wa watu naye kelele!

Halafu ikazibadilisha faili zangu za asili kwa za kwake bila hata hodi. Na memori kadi nilishaiformati kwa ajili ya harusi nyingine.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Likajibu roboti: "Tunafurahi umeipenda Sauti Safi!"

Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Matusi niliyotoa siyaandiki hapa, kuna watoto wanasoma.

Mke wangu Magreth akachungulia mlangoni. "Baba Ester, unagombana na nani?"

"Na kompyuta."

"Na yenyewe inakujibu?"

"Ndilo tatizo lenyewe!"

Sikulala na hasira zile, nilikesha nazo. Nikachokonoa folda moja baada ya nyingine, mpaka nikakuta ilikozificha sauti za asili. Nabofya, inakataa. Eti huduma hiyo ni ya wateja wa kifurushi kikubwa. Sauti niliyoirekodi mimi, kwa maiki yangu, imefungiwa ndani ya kompyuta yangu!

Hapo nikaikumbuka kompyuta yangu ya chogo kule stoo. Magreth alikuwa anawekea ndoo juu yake. Ndani yake lilikuwemo lile toleo la kwenye CD, halijawahi kuona intaneti maisha yake yote. Na aina ile ya faili za sauti nilikuwa naijua, haijabadilika tangu zamani.

Ikawaka. Ikakohoa kidogo. Nikazihamishia humo zile faili kwa flashi, ikazifungua.

Asubuhi nikamwita Faraja. Ngoma zilipoanza kuita, vigelegele vikafuata, akaficha uso kwenye mtandio. "Inatosha kaka. Nitolee hiyo hiyo, uje nayo mwenyewe."

Siku ya arobaini nikapanda Kinole na spika yangu. Dua ilikuwa imeisha. Rashidi nilimpita nje barabarani, kasimama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikamsalimia, akaitikia bila kuniangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," Mjomba Sufiani akajibu. "Wewe ndiye mpiga picha? Haya, tusikie."

Nikabonyeza. Vigelegele vikajaa sebuleni. Faraja akamwangalia mjomba wake.

"Hivyo ni vya dada zangu," mzee akasema. "Mama hakuwa na pumzi hiyo. Usizime. Endelea, watu wamsikie anavyolaani."

Nikaiacha iendelee. Mbele ya hapo hatukuwa tumesikiliza.

Vigelegele vikapungua. Ikaja sauti ya kizee, kali, karibu kabisa na maiki:

"We mpiga picha! Toka hapo mbele na likamera lako! Niache nimwone mume wangu!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hata wazee waliokuwa na tasbihi.

Mnaelewa lakini? Bibi hamwiti mume wa mjukuu wake "mume wangu" kama hajamkubali. Utani ule hafanyiwi mtu usiyemtaka. Faraja akawa analia na kucheka kwa pamoja. "Mimi alikuwa ananiita mke mwenza! Nilikwambia mjomba!"

Ndita zile, kidole kile, vyote vilikuwa vyangu mimi niliyemkinga asimwone Rashidi.

Mjomba Sufiani hakucheka. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akaisikiliza sauti ya mama yake ameinamisha kichwa, akajipangusa macho kwa kiganja.

Kisha akageukia mlangoni. "Mwiteni mkwe wetu aingie. Anaungua jua bure."

Ndugu zangu, mimi hasira hazijaniisha mpaka leo. Kidogo tu, na Rashidi angebaki barabarani maisha yake yote, kwa sababu ya kitufe kilichojiwasha.

Faili zenu za asili ziwekeni pembeni, mbali na programu yoyote. Na ikikuletea jambo jipya la kukusaidia, uliza kwanza linaondoa nini. Sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili.