Matufaha ya Mama yake Sista

Nimepika miaka kumi na minne katika misheni moja karibu na Ushirombo. Nimewahi kuunguza wali wa sikukuu, nimewahi kumwaga maziwa ya Padri, na hayo nayasimulia nikicheka. Hili la pai linanitia aibu hadi leo, na mama yangu alipokuwa hai sikuthubutu kulitaja mbele yake.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari. Sista Marta, muuguzi wetu kutoka Uholanzi, alipokea kifurushi kutoka kwa mama yake: kopo la vipande vya matufaha, vimekaushwa, matunda ya mti wa nyumbani kwao. Majuma matatu baadaye ikaja simu ya maandishi kwamba yule mama amefariki. Kuwahi mazishi haikuwezekana. Basi Sista akaomba misa ya marehemu, na baada ya misa watu waandaliwe pai ya matufaha kama mama yake alivyoioka.

"Baba Kabula," akaniambia akinikabidhi kopo, "yaloweke leo jioni. Hayapo mengine."

Nikasahau. Asubuhi nafungua kopo, vipande vikavu kama ngozi, kengele ya kwanza imeshalia, nami (hapa ndipo lilipo kosa lote) nikafanya kama tufanyavyo kwetu kunde zikigoma kuiva, nikatia magadi. Si mengi, kibonge kama ukucha wa kidole gumba. Nilipofunua sufuria nilikuta uji mweusi unaonuka sabuni. Nikauonja, nikautema.

Ningemwendea Sista wakati ule, yangeishia hapo. Badala yake nikamwaga ule uji kwenye shimo la taka, nikaosha sufuria, macho yakaangukia kapu la mama yangu, aliyekuwa amekuja kusali na kuniletea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, na kwa kuitazama tu usingeitofautisha na yale matufaha. Nikaichemsha kwa sukari, ndimu na mdalasini, nikatandika unga uliokandwa kwa samli, juu nikasuka vipande vya unga kama mkeka jinsi Sista alivyonifundisha, nikafunika, makaa chini, makaa juu. Ilitoka nzuri, sikatai. (Nilianza hata kujisifu.)

Baada ya misa Padri akaibariki pai. Sista akaeleza kidogo habari za mti ule, na jinsi mama yake alivyopanda ngazi mwenyewe kuchuma hata uzeeni. Kisha akachukua kipande cha kwanza, akatafuna, akaacha kutafuna. Akanitazama, nami nikatazama sinia.

Lakini mama yangu alikuwa ameketi benchi la mbele, na sauti yake ilikuwa ya kuitia ng'ombe.

"Mwanangu," akasema kwa furaha kabisa, "kumbe Wazungu nao wanakula michembe? Tena hii ni yangu. Naijua, mimi hukata vipande vinene."

Mzee mmoja nyuma yake akamwambia, "Bibi, kula unyamaze, hilo ni tunda la Ulaya."

"La Ulaya wapi, nimelilima mwenyewe."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi, kisha kikafa, maana watu walikuwa wamemwona Sista. Akaweka sahani chini.

"Baba Kabula, matufaha yako wapi?"

Nikasema yote mbele za watu, magadi na shimo. Mama akajifunika uso kwa khanga. Sista akaenda mpaka shimoni, nami nyuma yake. Kuku walikuwa wameshamaliza kazi. Akaingia jikoni, akachukua lile kopo, akaligongagonga kwenye kiganja, kikaanguka kipande kimoja kilichokuwa kimeng'ang'ania chini. Alikishika muda mrefu. Nikadhani atakila. Akakiweka ndani ya kitabu chake cha sala, akakifunga.

"Rudi ukawape wageni chai," akasema. "Na mama yako mwambie michembe yake ni mizuri."

Hakunifukuza kazi. Afadhali angenifukuza, kwa sababu kila asubuhi kanisani nilikiona kitabu kile mkononi mwake, kimebenuka kidogo katikati. Tangu siku ile, nikiharibu kitu cha mtu namwendea sufuria ikiwa bado chafu mkononi.