Toa Ulimi, Nyanya

Mwaka mzima nilisali juu ya kiti. Kiti cha plastiki cha buluu, kile cha kukodishwa harusini. Wenzangu hapa Mtongwe wanaweka paji la uso chini, mimi nimekaa kitako kama mgeni anayengoja chai. Najua mgonjwa ana ruhusa yake. Lakini mimi si mtu wa ruhusa. Goti la kushoto lilikuwa limevimba kama mkate wa boflo, na nikilikunja linalia kama mlango wa banda.

Nililikanda kwa maji ya chumvi, nikalipaka mafuta ya nyonyo, nikalifunga majani ya moto hata ngozi ya chini yake ikabambuka. Kwetu maumivu hutolewa kwa moto. Ile ngozi ingenifunza kitu, kama ningetaka kufunzwa, maana ilibambuka isiniume. Mimi nikafurahi, nikasema dawa imeingia.

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenipeleka kliniki ya Likoni anakofanya kazi. Ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi tangu anatambaa, na leo anavaa koti jeupe na kunyosha viungo vya watu. Mimi niliishia darasa la tatu. Siku hiyo nilivaa buibui jipya, nikamwambia kila aliyekaa kwenye benchi, hata asiyeuliza, kwamba yule ni wangu.

Ndani akageuka mtu mwingine. "Vua bangili, nyanya. Na pete. Simu iwache nje. Humu hamuingii chuma." Hata kiti alichonikalisha kilikuwa cha mbao tupu.

"Una chuma mwilini? Ndani ya mfupa?"

"Mimi mwenyewe ndiyo chuma."

"Nyanya, nijibu sawa. Na moyoni, umewekewa mashine?"

"Moyoni, mke mwenzangu, yumo babu yako. Muulize yeye kama aliacha nafasi."

Akacheka, kisha akaivuta mashine: kisanduku chenye magurudumu, mkono mrefu, na kichwa cha mviringo kama kawa la kufunikia chakula. Akaniambia kawa lile hutoa mawimbi yasiyoonekana, yanaingia hadi ndani ya goti. Yanapiga, yanapumzika, yanapiga, yanapumzika, kwa hivyo joto halipati kukusanyika. "Kama tulivyokuwa tukipitisha kidole kwenye moto wa koroboi, nawe ukitugombeza."

"Sasa bila moto litanifaa nini?"

"Huenda uvimbe ukapungua, inshallah. Kazi kubwa ni ya mazoezi. Lakini kwanza niipime ngozi yako. Asiyesikia joto hawezi kuniambia kama anaungua."

Akaleta chupa mbili ndogo, moja ya maji moto, moja ya maji baridi. Nifumbe macho, akinigusa niseme ni ipi.

Nilifumba. Akanigusa kuanzia gotini kushuka. Nilisikia naguswa tu, kama mtu anayeguswa juu ya nguo. Na haikuwa habari mpya kwangu. Tangu sukari ipande, ndara ilikuwa ikinitoka njiani, nafika nyumbani mguu mmoja mtupu nisijue nimeiacha wapi. Sikumwambia mtu. Na sasa nikaona wazi: nikisema sisikii, mashine itasukumwa ukutani, nami nitarudi kwenye kiti changu cha buluu hadi siku ya kuzikwa.

"Moto," nikasema. Akanigusa tena. "Baridi." Tena. "Moto." Nilikuwa nikibahatisha kama mtoto wa chuo cha Kurani asiyeijua aya yake.

Halafu akasema, "Toa ulimi, nyanya."

Nikafumbua macho. Maneno hayo ni yangu. Alipokuwa mdogo, mwezi wa Ramadhani, akija adhuhuri na kuapa wallahi nimefunga, nilimwambia toa ulimi. Ulimi wa aliyefunga huwa mweupe, wa aliyekula embe ni wa manjano. Sikuwahi kumpiga kwa hilo. Ulimi ulitosha.

"Chupa ya baridi iko mezani," akasema. "Mara zote nimekugusisha ya moto."

"Unanitegea? Mimi niliyekuosha?"

"Nisikutegee, nikuunguze?"

Akaigusisha ile chupa shavuni mwake, kuona ina moto kiasi gani. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakukasirika, ameogopa. Nikamwambia yote, ya ndara na ya ngozi.

Akamwita mkubwa wake, mama mmoja wa bara mwenye sauti ya upole. Naye akanipima upya hadi nyayo. Akasema gotini hisia ya joto ipo ila imefifia, kuanzia muundi kushuka ndiko hakuna. Mashine ile ikizidishwa hutoa joto, na dozi hiyo sitapewa kamwe. Nitapewa ile ya chini kabisa, yenye mapumziko marefu, na ngozi ikaguliwe kila nikija. Lakini kwanza daktari wa sukari aione miguu. "Nisamehe, mama, lakini mguu usiosikia huchungwa kama mtoto anayetambaa."

Daktari aliponiruhusu, nikakaa chini ya kawa. Moto hakuna. Mlio mdogo tu, kama wa friji ya dukani. Wiki kadhaa hivyo, na kila siku mazoezi: kaza paja, nyosha mguu, inuka kitini bila kushika. Sijui kilichonifaa ni mashine, au mazoezi, au ndara za kufunga nyuma alizoninunulia mjukuu wangu. Naye anasema hana hakika, na nimezidi kumpenda kwa kusema hivyo.

Ijumaa moja, alasiri, nilikisukuma kiti kando. Mjukuu wangu amekaa nyuma yangu, anajifanya anakunja nguo. Nikashuka polepole, mkono sakafuni, goti likalia, nikafika. Harufu ya mkeka ule sikuwa nimeinusa mwaka mzima. Nikakaa pale chini zaidi ya tasbihi tatu.

Nilipotoa salamu, akauliza, "Liliuma?"

Ulimi ulitaka kusema la.

"Liliuma," nikamwambia. "Kuinuka zaidi kuliko kushuka."

Akaziwacha nguo, akaja kukaa mkekani, akaupakata mguu wangu na kuanza kuuchunguza, kidole kwa kidole.