App ya kupangia kitabu cha binti yetu: mind map ilitushinda, outline ikatuvusha

Wakuu, salamu kutoka mpakani Busia.

Kuna mdau aliuliza humu app nzuri ya kupangia kitabu cha mambo ya kweli, siyo riwaya. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi.

Haya nimeyapitia mwenyewe, sijatia chumvi. Majina ya app sitayataja, hapa si tangazo.

Mimi ni clearing agent hapa border, natoa mizigo ya watu forodhani, Msamia wa upande wa Kenya. Mke wangu Athieno ni Mjapadhola wa Petta, upande wa Uganda, anafundisha primary Mulanda, na ndiko tunakoishi. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha.

Tulikuwa na binti mmoja, Nekesa. Alikuwa na selimundu, huku wengi wanasema sikoseli. Alifariki akiwa darasa la nne.

Baada ya muda mke wangu akasema tuandike kitabu kwa ajili ya wazazi wengine. Dalili, homa, maji, namna ya kuongea na walimu, namna ya kuwajibu ndugu wanaosema mtoto amerogwa. Vitu ambavyo sisi tulivijua tukiwa tumechelewa.

Nikakubali.

Shida ni kwamba material ilikuwa imetapakaa. Voice notes, meseji, picha za makaratasi ya kliniki. Nikasema kabla hatujaandika chochote tutafute app ya kuipanga.

Ya kwanza ilikuwa outline ya mtandaoni, ya kupanga mada kwa orodha. Haikumaliza wiki. Mulanda mtandao unakuja na kuondoka, na mimi nikiwa border simu inarukia mtandao wa Kenya, bando inagoma. Mnaoishi mpakani mnanielewa.

Nikaenda kwa binamu yangu Wandera, ana duka la kutengeneza kompyuta ng'ambo ya Kenya. Akanicheka.

"Bro, outline ni ya kuandikia minutes. Chukua mind map, utaona kitabu chote mara moja."

Akaniwekea. Haihitaji internet, inafunguka kwenye laptop yangu na kwenye simu ya mke wangu.

Wakuu, niliipenda ile kitu. Katikati nikaweka duara, nikaandika NEKESA. Matawi yakatoka pande zote: dawa, shule, chakula, ndugu. Kila tawi rangi yake. Kifo nikakiweka chini kulia, rangi ya kijivu.

Nikamtumia mke wangu. Akaangalia, akaiweka simu kifudifudi mezani, akaenda kulisha kuku.

Nikadhani maandishi ni madogo, nikayakuza. Nikadhani simu imejaa, nikafuta video. Mimi naongeza matawi, yeye hagusi. Mwishowe nikamwambia kwa hasira kwamba wazo ni lake ila kazi nafanya mimi.

Hakupandisha sauti.

"Baba Nekesa, mimi nafungua hii kitu yako, napata mtoto katikati. Nakwenda kwa chakula, laini inanirudisha kwake. Nakwenda kwa shule, hivyo hivyo. Na hiyo ya kufa inaniangalia tu."

Nikasema basi naifuta.

"Usifute. Kitabu bila hiyo ni uongo. Lakini nisiione kila siku."

Nilikaa nayo hiyo kauli. Mimi nilikuwa naangalia mpango wa kitabu. Yeye alikuwa anaangalia mtoto.

Nikarudi kwa Wandera nikamweleza. Safari hii hakucheka. Akatafuta outline nyingine, ya offline, haina urembo wowote. Vichwa, na chini yake vichwa vidogo. Kila kichwa kina kamshale pembeni, ukikagusa kila kilicho chini kinajikunja, unabaki na mstari mmoja.

(Angalizo: kabla hujahamisha kutoka mind map kwenda outline, jaribu na faili dogo. Mimi matawi yalikuja lakini mistari ya kuunganisha mada ilipotea yote, nikairudia kwa mkono.)

Mke wangu akagusa kamshale, sura ya kifo ikajikunja, akaanza na chakula. Akitoka shule anakaa uani na simu, anaandika. Sura ya shule aliimaliza kabla mimi sijamaliza utangulizi.

Jumapili moja alitoka kanisani, akakaa peke yake. Jioni akanipa simu. Alikuwa ameifungua ile sura ya kifo na kuiandika yote, kuanzia uji ambao Nekesa aliukataa asubuhi ile. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Tena alikuwa ameivuta kutoka mwisho wa kitabu akaiweka katikati. Nikamuuliza kwa nini.

"Mzazi akikuta kifo mwisho, anafunga kitabu anasema hata wangu atakufa. Na wapo watoto wa selimundu wanaokua mpaka wanazaa. Hao ndio wakae mwisho."



Rasimu ilipokamilika tulimpa daktari akague mambo ya tiba, kisha mke wangu akasoma sehemu kwenye kikao cha wazazi wenye watoto wa selimundu, mjini Tororo. Watu wakauliza kuhusu homa, kuhusu shule. Halafu baba mmoja wa Lumino, mwenye mtoto mgonjwa mapajani, akauliza:

"Mwalimu, huyo Nekesa alikuwa anapenda nini?"



Wakuu, jibu halikuwemo kitabuni. Si kwenye matawi yangu ya rangi, si kwenye vichwa vyake. Kitabu kizima cha mtoto, na hakuna mahali tuliposema alikuwa mtoto wa namna gani.

Mke wangu akafikiri kidogo, akaanza kucheka. Akasema alipenda kupiga mluzi, na alikuwa hajui kabisa, jogoo wa jirani alikuwa anakimbia. Ukumbi wote ukacheka. Yule baba naye.

Sasa hivi anaiandika hiyo sura. Tunabishana kama jogoo alikuwa mweupe au mwekundu.

Nilichojifunza: mkiwa wawili, msichague app inayomvutia mmoja. Chagueni ile ambayo mwenzako anaweza kuifungua. Mind map bado naitumia nikiwa peke yangu kutafuta mawazo, ila kitabu kinakaa kwenye outline. Na hakuna app itakayokwambia ulichosahau. Msomeeni mtu.

Mnaoandika na mke au mume, mnatumia nini? Na mwenye mtoto wa selimundu aulize bila woga, Mama Nekesa atajibu kwa simu yangu. Yeye anajua kuliko mimi.