Kasuku wa Chumba cha Mahojiano

Ofisini walimwita Kasuku, kwa sababu mkalimani yule hakuacha neno lianguke chini. Afisa akikohoa, mama wa watu alisita kidogo, nusura atafsiri hata kikohozi.

Siku hiyo mbele yao aliketi binti wa miaka sita, kavua viatu, miguu inaning'inia. Shangazi yake alishinda getini akimsubiri. Lakini sheria mpya ilitaka mtoto aliyevuka mpaka peke yake azuiliwe hadi ombi lake la hifadhi liamuliwe, isipokuwa afisa akiridhia akae kwa ndugu.

"Muulize kama amewahi kujiunga na kundi lenye silaha."

Kasuku akauliza. Binti akawaza sana.

"Anasema hapana, ila bibi yake ana mwiko wa kusongea ugali."

Afisa akajifuta jasho, akanung'unika, "Jamani, ningekuwa na uwezo ningemwambia avae viatu aende zake."

Kasuku akalitafsiri na hilo. Binti akateremka kitini, akaanza kuvaa viatu.

"We mama! Umemwambia nini?"

"Ulichosema, bosi."

"Mwambie nilikuwa najisemea tu!"

Akamwambia. Binti akajibu huku anafunga kamba, na Kasuku akatoa jibu kwa sauti yake ileile, kavu kama ya redio: "Anauliza, sasa uwezo anao nani?"

Afisa akatazama dari. Hakukuwa na afisa mwingine chumbani. Akafungua mlango, akamwita mlinzi.

"Mlete huyo shangazi."

Kasuku akageuka kutafsiri, akakuta hakuna wa kumtafsiria. Binti alishatangulia mlangoni.