Nguzo ya Shemeji

Kikohozi kilitangulia. Nilikisikia nyuma ya ua, kikavu, kikikatika mara tatu, kabla sijaona kofia wala kanzu. Mama alikuwa amelala sebuleni kwa kuwa hewa ya chumbani ilimbana. Alifumbua macho.

"Ni yeye," akasema. "Kikohozi hicho nakijua kuliko mahubiri yake."

Alikuwa askofu wetu kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na sasa alikuwa amestaafu. Hakuzaliwa kwetu. Alijifunza Kidholuo cha kuhubiria, lakini mambo mazito aliyasema kwa Kiswahili. Enzi za pikipiki alifika Pap Onditi na matope hadi magotini. Ndiye aliyenipaka mafuta ya kipaimara. Na miaka ile ukimwi ulipotuvuna, ndugu wakaogopa hata kugusa jeneza, yeye alilishika. Alizika asubuhi, akazika jioni. Ndipo akaandika waraka uliosomwa katika kila parokia: mjane atakayekubali kurithiwa na ndugu wa mumewe hatapokea Ekaristi. Alikuwa amechoka kuzika wajane.

Baba alikufa kwa malaria mwaka huohuo, kisha mvua ikaangusha nyumba yetu. Kwetu mjane hajengi mpaka mwanamume wa ukoo asimamishe nguzo ya kwanza, naye haisimamishi bila kumrithi. Baba mdogo alikuja, akachimba shimo, akasimamisha nguzo, akalala usiku mmoja, akarudi kwa mkewe. Tangu hapo, kila Jumapili tulipojipanga kwenda mbele, Mama alibaki kwenye benchi akinishikia sweta. Hata baba mdogo alipokufa, hakwenda kuungama.

Sasa uvimbe ulikuwa umemjaa tumboni, na madaktari wa Kisumu walikuwa wamemrudisha nyumbani. Katekista alinionya: asipotubu, hatazikwa na padri. Mama mwenyewe hakutaja mazishi. Alisema tu, "Nataka kumpokea Bwana mara moja." Nikampigia simu Askofu.

Sasa aliingia, akaketi kando ya kitanda. "Umekonda, mama."

"Na wewe umezeeka, Baba Askofu. Mtu akituona atauliza nani kaja kumpaka mwenzake mafuta."

Alicheka hadi akakohoa. Nilitaka kutoka, Mama akanizuia. "Akae. Sina siri naye."

"Basi nakuuliza tu, kabla ya kitubio," Askofu akasema. "Ile habari ya shemeji yako. Unajuta?"

Mama alitazama paa. "Watoto wanne walilala wakavu hapa. Nijutie nini, nguzo?"

"Si nguzo."

"Bila ule usiku hakuna nguzo, Baba."

"Nimewazika wengi waliosema hivyo."

"Najua. Nilikupikia kwenye matanga yao."

Askofu alimwinamia. Kisha akasema polepole, karibu kwa kubembeleza, "Sema tu unajuta. Mengine niachie mimi."

Nikapiga magoti. "Mama, tafadhali. Ni neno moja." Sikujali kama lingekuwa kweli.

"*Nyathina*," akaniita, mwanangu, "nimekaa kwenye benchi miaka yote hii ili nisimdanganye Bwana. Nianze leo?"

Askofu alitoa mfukoni kikebe kidogo cha dhahabu chenye Ekaristi, akakishika kwa mikono miwili. Macho ya Mama yalikifuata. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama ya mtoto anayelishwa.

"Ile sheria uliiandika wewe," akasema. "Ifute, Baba. Leo tu."

"Sheria niliiandika mimi. Lakini toba sikuiweka mimi, na siwezi kuiondoa."

Kuku aliingia, akadonoa chini ya meza, akatoka. Hakuna aliyemfukuza. Nilimwona Askofu akijaribu kufungua kikebe, kidole gumba kikisukuma kifuniko, kisha kikaacha. Akakirudisha mfukoni. Akamchora Mama msalaba kwenye paji la uso.

"Nitakuombea kila siku."

"Niombee," Mama akasema. "Na nani atanizika?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee yule, naye hakuyafuta. Alitafuta kofia yake, nikampa. Hakunitazama. Aliinama kupita mlangoni, mkono mmoja ukishika fremu.

Mama aligeukia ukuta.

"Funga mlango," akasema.

Nikaufunga.